Walioniita Betri

Shuleni niliitwa Betri. Aliyeishi kijijini Kagera miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa jina hilo lilikotoka. Betri za redio zilikuwa adimu madukani, na zilizochoka hazikutupwa. Zilianikwa juani juu ya bati tangu asubuhi ili jioni zipate nguvu ya kusikilizia taarifa ya habari. Zikiishiwa tena, sauti ya mtangazaji ilivutika, ikakatika, ikarudi, ikakatika. Mimi nilikuwa na kigugumizi. Siku moja mwalimu aliniuliza swali nikakwama kwenye herufi ya kwanza, taya limekaza, macho yamenitoka, na kijana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Mwanikeni juani huyo, betri zimekwisha." Darasa lote lilicheka. Mwalimu naye alicheka, na kicheko chake ndicho kilicholithibitisha jina. Hadi namaliza darasa la saba, hata watoto wa madarasa ya chini ambao hawakulijua jina langu la ubatizo walijua Betri ni nani.

Asiye na kigugumizi hudhani tabu iko kwenye maneno marefu. Tabu yangu ya kila asubuhi ilikuwa neno moja fupi, "nipo", wakati wa kuitwa mahudhurio. Majina yalivyokuwa yakinikaribia, jasho lilinitoka viganjani. Jina langu mwenyewe lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu maneno mengine nilijifunza kuyakwepa, lakini jina la mtu halina mbadala. "Baba" likinigomea nilisema "mzee". "Kesho" likinigomea nilisema "asubuhi ikifika". Jioni moja mama alinituma kibiriti. Nilifika kwenye dirisha la duka, herufi ile ikakataa kutoka, watu wakawa wamejipanga nyuma yangu wanasubiri, nikaomba chumvi. Nilirudi nayo nyumbani. Mama aliipokea, akaimimina kwenye kopo lililokuwa karibu kujaa, kisha akaenda mwenyewe kwa jirani kuomba kaa la moto. Hakuniuliza kitu, na sikumweleza.

Wataalamu wanaeleza leo kwamba kigugumizi mara nyingi huanza mtoto akiwa kati ya miaka 2 na 5, huwapata wavulana zaidi ya wasichana, na kwamba karibu mtu mzima 1 katika kila 100 anaishi nacho. Kinahusika na namna ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi kinafuata ukoo. Hakitokani na upungufu wa akili, wala na mtoto kutekenywa sana akiwa mchanga, kama majirani zetu walivyoamini. Dawa waliyoshauri ilikuwa kofi la mdomo, lije ghafla bila mtoto kujua. Nililipata kofi hilo zaidi ya mara moja, na kila baada yake nilikwama zaidi.

Jina la Betri liliniuma, ila lilikuwa na mipaka yake. Likizo zikifika lilibaki shuleni. Neno lililonifuata mpaka utu uzima lilisemwa nyumbani. Ulikuwa msimu wa kahawa, baba amepata mgeni, na mimi nilikuwa nimeshika jagi na beseni namnawisha mgeni mikono kabla ya chakula. Mgeni aliniuliza nasoma darasa la ngapi. Nilijaribu kujibu. Maji yalikuwa yakimiminika juu ya vidole vyake, na mdomo wangu umefunguka bila sauti. Baba akasema, bila hasira yoyote, kwa sauti ile ile aliyokuwa akizungumzia bei ya kahawa, "Huyo usimhesabu. Asiyeweza kusema hawezi kuwa mtu." Mgeni akaguna kwa adabu, wakaendelea na mazungumzo yao.

Kama angefoka ningesema ni hasira. Utulivu wake ndio ulionimaliza, kwa sababu ulinionyesha kwamba jambo hilo alikuwa amelifikiria siku nyingi na kulihitimisha. Waswahili wana haki ya kusema kwamba ulimi unauma kuliko meno, na ningeongeza kuwa ulimi wa mzazi unauma kuliko ndimi zote, maana mtoto hana pengine pa kwenda kuulizia kama lililosemwa ni kweli. Baada ya miezi michache sikumhitaji baba tena aseme. Nilijisemea mwenyewe. Nikiona wenzangu wanachaguliwa kuwa viranja, sauti ndani yangu ilisema asiyeweza kusema hawezi kuwa mtu. Nikipata alama nzuri katika hesabu, sauti ile ile ilisema hesabu si kusema. Kwa mtu wa imani jambo hilo ni zito kuliko maumivu yake, kwa kuwa hapo neno la mwanadamu linakuwa limeketi mahali ambapo neno la Mungu peke yake lina haki ya kukaa. Binadamu amekutamkia wewe ni nani, nawe umemwamini kama vile unavyopaswa kumwamini Muumba.

Kilichonitoa hapo hakikuja kwa siku moja, na sehemu yake ya kwanza ilikuja kwa njia ambayo sikuitegemea. Mama alikuwa mtu wa uamsho. Uamsho ule ulianzia Rwanda na Uganda, Gahini na Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukavuka mipaka hadi kwetu Bukoba, ukawagusa Walutheri na Waanglikana kwa pamoja. Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977, alikuwa mtu wa uamsho huo. Ndugu wa ushirika walikutana katikati ya juma nyumbani kwa mmoja wao, wakaungama mbele ya wenzao, kisha wakaimba Tukutendereza kwa Kiganda hata wale wasiojua Kiganda. Walikuwa na msimamo ambao wengine waliuona umepita kiasi: dhambi uliyomtendea mtu haitoshi kuitubu kwa Mungu peke yake, unakwenda pia kwa mtu mwenyewe, unaitaja, unatengeneza.

Alasiri moja alikuja nyumbani mama mmoja wa ushirika. Nilimletea kigoda nikageuka kwenda zangu, akaniambia nisiondoke. Akamwambia mama kwamba hakuja kwake, amekuja kwangu. Kisha akasema, akinitazama, kwamba juma lililopita alikuwa kisimani na wanawake wenzake, wakanizungumzia, naye akaigiza ninavyosema. Aliigiza nilivyokwama siku nilipopeleka salamu za msiba kwao. Wenzake walicheka mpaka ndoo ikamwagika. "Nimekukosea wewe, na nimemkosea Bwana aliyekuumba. Naomba unisamehe, mwanangu." Alikuwa amepiga magoti juu ya majani tuliyotandika sakafuni.

Sikujua la kusema, na hata ningelijua nisingeweza kulitamka. Mama alinisaidia, akasema nitikise kichwa kama ninakubali. Nilitikisa. Alinishika mkono, akainuka, akaenda.

Nimeirudia alasiri hiyo katika mawazo mara nyingi nikitafuta kujua kwa nini ilinishika hivyo. Mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima akiita jambo lile dhambi. Kuchekwa kulikuwa kwangu kama mvua: kunanyesha, na hakuna wa kumlaumu. Kumbe mtu anayecheka anatenda. Kumbe kuna sheria imevunjwa, na aliyevunjiwa ni mimi, na Mungu alikuwa kisimani pale akisikia, na hakucheka. Ni vigumu kumweleza aliyekulia katika heshima ukubwa wa habari hiyo kwa mtoto aliyezoea dharau. Mama yule hakusema "kama nilikukwaza". Alitaja mahali, alitaja alichofanya, alitaja waliokuwepo. Tangu hapo nimesikia watu wakiombana radhi kwa maneno ya jumla, makanisani na majumbani, na kila mara naona kwamba kuomba radhi kwa jumla kunampunguzia aliyekosa mzigo na kumwachia aliyekosewa wote.

Sehemu ya pili ilikuwa kipaimara. Katika Kanisa letu la Kilutheri mtoto hujifunza Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529: amri, imani, sala ya Bwana, ubatizo, meza ya Bwana. Na kabla ya kuwekewa mikono huulizwa mbele ya usharika. Kwa wenzangu hilo lilikuwa jambo la woga kidogo. Mimi nililiogopa mwaka mzima. Nilifikiria kuugua. Nilimwomba Mungu anifungue ulimi kabla ya siku hiyo, kwa kufunga na kwa machozi, na siku ilipofika ulimi ulikuwa vile vile.

Sasa, kulikuwa na jambo moja ambalo wengi walilitumia kunishtaki. Nikiimba sikukwama. Katika kwaya niliimba sauti ya pili kutoka mwanzo hadi mwisho bila tatizo, na shuleni waliposikia habari hiyo walisema najifanya. Leo wanaoshughulika na tiba ya usemi wanalijua vizuri jambo hili: wenye kigugumizi wengi husema vizuri wakiimba, na vivyo hivyo wakitamka maneno kwa pamoja na mtu mwingine. Mwinjilisti wetu hakuwa amesoma tiba yoyote. Alikuwa mtu wa kuangalia tu. Akaniona Jumapili kwa Jumapili nikikiri Imani ya Mitume pamoja na usharika, midomo yangu ikienda sawa na ya wengine, akaliweka jambo hilo moyoni mwake.

Siku ya maulizo mchungaji aliniita jina, akaniuliza amri ya nane na maelezo yake. Ni ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo, na Luther haachi hapo. Anadai pia tumtetee jirani, tumseme kwa wema, na mambo yake yote tuyachukue kwa upande ulio bora. Nilisimama. Kanisa lilikuwa limejaa, wazazi kwenye mabenchi, baba akiwa upande wa wanaume karibu na dirisha, vijana wenzangu walioniita Betri wamenizunguka kwa mashati meupe. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nikaanza kusikia minong'ono kule nyuma.

Mwinjilisti akatoka kwenye benchi la mbele, akaja akasimama kando yangu, bega kwa bega, sote wawili tukimtazama mchungaji. Akasema kwa sauti ya chini, "Tuseme." Akaanza. Nikaingia ndani ya sauti yake, na maneno yakatoka, moja baada ya jingine, yote mahali pake. Katikati ya maelezo alinyamaza, nikaenda peke yangu hatua chache, nikakwama, akarudi, tukaendelea. Tulipofika mwisho mchungaji alitikisa kichwa akamwita mwingine. Ilikuwa imechukua muda mfupi sana. Lakini nilikuwa nimesema mbele ya usharika mzima kwamba ni agizo la Mungu mtu asemwe kwa wema, na kanisa lilikuwa limenisikiliza, akiwemo baba yangu.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoielewa vizuri habari ya Musa. Kila mtu anakumbuka sura ya 4 ya kitabu cha Kutoka, Musa akijitetea kwamba yeye ni mzito wa kinywa. Mungu anamjibu kwa kumuuliza ni nani aliyekiumba kinywa cha mwanadamu. Ulimi hauguswi. Anachopewa Musa ni ndugu, Haruni, na anaambiwa kwamba Haruni yuko tayari njiani anakuja kumlaki, tena atafurahi moyoni mwake akimwona. Mistari hiyo nimeihubiri mara kadhaa. Watu wachache wanaendelea hadi sura ya 6. Pale Musa, aliyekwisha kukiona kijiti kikiwaka moto bila kuteketea, aliyekwisha kusimama mbele ya Farao, analeta hoja ile ile tena, na sura haijaisha anairudia kwa mara nyingine: midomo yangu haifai, Farao atanisikilizaje? Mungu alikuwa ameshamjibu. Bado sauti ya zamani inazungumza ndani yake. Napata faraja kubwa kwamba Biblia haikuificha hiyo. Na Mungu hamkemei kwa kurudia. Anamtuma tena, pamoja na Haruni. Kisha unafika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, ambacho karibu chote ni hotuba za mtu huyo mzito wa kinywa akiwa mzee, Israeli yote imekusanyika inamsikiliza.

Kuhusu kusamehe nina jambo zito la kusema, kwa sababu hapo ndipo sisi Wakristo tunapoumizana mara ya pili. Mtu amevunjwa kwa maneno, anakuja kanisani, anaanza kueleza, na kabla hajafika katikati anaambiwa, "Wewe ni mwokovu, samehe, sahau." Naliona neno hilo kuwa ukatili, hata likisemwa kwa tabasamu na Biblia mkononi. Linamnyang'anya mtu hata haki ya kulia. Zaburi hazifanyi hivyo. Zaburi ya 55 inamlalamikia adui ambaye zamani alikuwa rafiki, waliyekwenda naye pamoja nyumbani mwa Mungu, ambaye maneno yake ni laini na vita vimo moyoni. Zaburi ya 64 inazungumzia maneno makali kama mishale inayotupwa kwa siri. Zaburi ya 109 ni kali kiasi kwamba wahubiri wengi huipita. Ayubu, katika sura ya 19, anawauliza rafiki zake wataendelea mpaka lini kumponda kwa maneno. Maombi hayo yote yamo katika Maandiko Matakatifu, na Mungu aliyaacha yawemo. Miaka mingi nilikuwa nikiyasoma hayo chumbani mlango umefungwa, nikitaja jina la baba, kwa hasira, na sijaona kwamba Mungu alichoka nami.

Baba hakuwahi kuniomba radhi. Nadhani alilisahau neno lake jioni ile ile. Alipougua nilimuuguza, nilimwogesha, nilimlisha uji, na mara nyingi nikiwa nimeshika beseni niliikumbuka siku ya mgeni. Nilijaribu kumwambia kwamba nimemsamehe, na kila nilipojaribu niliona nasema uongo. Kilichonisaidia ni kuangalia kwa makini sala ya Yesu msalabani katika Injili ya Luka. Hakuwageukia askari akawaambia kwamba amewasamehe. Alimgeukia Baba, akamwomba Yeye awasamehe. Stefano naye, akipigwa mawe, aliomba kwa Bwana. Nikaona kuna mlango pale wa mtu kama mimi, asiye na msamaha wa kutosha mfukoni mwake. Nikaacha kumwambia baba chochote. Kila jioni nilipomfunika blanketi niliomba kimyakimya: Mungu, wewe msamehe huyu, wewe unao. Niliomba hivyo muda mrefu bila kuhisi kitu. Baada ya mazishi yake niliendelea, kwa mazoea. Halafu kuna kipindi nilitambua kwamba nimekuwa nikimtaja baba katika sala zangu, na kumshukuru Mungu kwa ajili ya shamba alilotuachia na ada alizonilipia, bila sentensi ile kutangulia. Sikuisahau, nimeiandika hapa neno kwa neno. Imepoteza tu mamlaka ya kuniambia mimi ni nani.

Kigugumizi bado ninacho. Nafundisha kipaimara nikiwa nacho, na watoto huzoea baada ya vipindi viwili vitatu. Mwaka jana mama mmoja aliniletea mwanawe wa darasa la nne, akitaka nimwombee ulimi ufunguke. Nilimwombea, kwa sababu Mungu anaweza. Nikamwambia pia asimmalizie mtoto sentensi zake, asimwambie "polepole" wala "vuta pumzi", amwangalie usoni amsubiri, na akiweza ampeleke hospitali kubwa wakaulizie mtaalamu wa usemi. Kisha nikamuuliza nyumbani mtoto anaitwaje. Akainama. Akasema baba yake anamwita Bubu.

Niliomba baba yake aje. Alikuja Jumamosi, mtu mpole, fundi wa baiskeli, mikono ina grisi, akasema huwa anatania tu na mtoto mwenyewe anacheka. Nilimsimulia habari za jagi na beseni. Nilikwama mara nyingi nikisimulia, naye hakunimalizia hata sentensi moja. Mwishoni akaniuliza akifika nyumbani amwambie nini mtoto. Nikamwambia amwite kwa jina lake la ubatizo, akae naye mahali ambapo macho yao yatakuwa sawa, amtajie lile neno alilokuwa akimwita, na mbele ya nani, na kwamba alikosa. Akauliza kama anaweza kulisema hilo mke wake akiwepo. Nikamwambia ndiyo, na ndugu zake pia, kama nao walikuwa wakisikia alipomwita hivyo.